UZI: Neno lako kuu usilizike slaidi ya 29 (kwa wote mnaosimama mbele za watu kuprezenti)

#1 Mleta uzi

Habari wakuu. Uzi utakuwa mrefu naomba mnivumilie, nitaushusha kwa vipande maana natumia simu. Ni kuhusu prezentesheni. Nimefanya kazi ya takwimu miaka mingi, watu wanadhani kazi yetu ni kupiga hesabu tu, kumbe sehemu ngumu ni kusimama mbele ya watu wasio na muda na kuwaeleza hizo hesabu zimesema nini. Nimeona kazi nzuri za watu zikifia palepale mbele. Kazi yenyewe haina kasoro, ila namna ilivyoelezwa hakuna aliyeielewa.

Kilichonifanya niandike ni jambo lililonikuta mwenyewe zamani na mpaka leo sijalisahau. Nilipewa nusu saa kwenye kikao cha wakubwa nieleze kwa nini stoo inaishiwa vipuri kila mara. Nilikaa na data wiki mbili nikapata jibu, tena jibu safi kabisa: msambazaji ambaye kila mtu alikuwa anamlaumu hana kosa, tatizo ni fomu ya kuagizia, ilikuwa inalala mezani siku 11 kusubiri saini ya pili. Siku 11! Basi nikatengeneza slaidi 34. Ya kwanza jina la mada, ya pili yaliyomo, ya tatu utangulizi, ya nne historia ya stoo, ya tano malengo, ya sita jinsi nilivyokusanya data, mnazijua wenyewe. Jibu nikaliweka slaidi ya 29.

Siku ya siku kikao cha kabla yangu kikachelewa kuisha, mwenyekiti akaniambia una dakika 10. Nikaanza kukimbiza slaidi, mdomo unaenda kama cherehani, nimefika ya 14 mwenyekiti akanyanyua mkono akauliza, "Sasa kijana, unataka tufanye nini?" Nikajibu, "Nitafika huko mheshimiwa." Sikufika. Muda ukaisha, wakaamua kubadilisha msambazaji, vipuri vikaendelea kuisha vilevile na yule aliyeachwa akakosa kazi bure. Hilo la mwisho ndilo linaniuma mpaka leo, maana ushahidi wa kumtetea nilikuwa nao mkononi, kwenye flashi yangu.

Kwa hiyo uzi huu una neno moja na mengine yote ni matawi yake: jua kitu kimoja unachotaka watu watoke nacho, kiseme mapema, halafu muda uliobaki utumie kukithibitisha. Naendelea chini.

#2

Shusha mkuu. Mimi nina difensi (kutetea utafiti wangu mbele ya jopo la chuo) wiki ijayo na usingizi umeshakata.

#3 Mleta uzi

Mkuu wa difensi kaa karibu, nitakurudia.

Nianze na mfano mkubwa kuliko wa kwangu. Januari 16, 2003 chombo cha anga cha Marekani kinachoitwa Columbia kiliruka, haijafika hata dakika moja na nusu kipande cha povu gumu la kukinga joto kikachomoka kwenye tangi la nje kikapiga bawa la kushoto. Kamera zilinasa. Wahandisi wakafanya uchambuzi chombo kikiwa bado juu na wanaanga 7 ndani yake, wakaja kuwaelezea mameneja kwa slaidi. Kuna slaidi moja pale ambayo profesa Edward Tufte, mtaalamu wa kuonyesha takwimu kwa michoro, aliichambua mstari kwa mstari na nikiwa nafundisha vijana ofisini lazima niwaonyeshe. Kichwa chake kinatuliza moyo, kinasema kwa lugha ya kitaalamu kwamba ukipitia data za majaribio unaona makadirio yamechukua tahadhari, yaani madhara halisi huenda ni madogo kuliko yaliyokadiriwa. Chini yake kuna vidoti, chini ya vidoti kuna vidoti vidogo zaidi, na huko chini kabisa kwa maandishi madogo ndiko kumeandikwa kwamba kipande kilichogonga kinakadiriwa inchi za ujazo 1,920 wakati majaribio yalifanywa na kipande cha inchi za ujazo 3. Gawanyeni wenyewe, ni mara 640. Maana yake majaribio yote yaliyokuwa yanategemewa hayakuwahi kugusa kitu cha ukubwa ule. Hilo ndilo lilitakiwa liwe kichwa cha habari, tena peke yake kwenye slaidi nzima.

Februari 1 chombo kikavunjika angani kikiwa kinarudi na wote 7 wakafariki. Bodi iliyochunguza, kwenye ripoti yake ya Agosti 2003, iliitaja slaidi hiyo na ikalaumu tabia ya kutumia slaidi badala ya ripoti kamili za kitaalamu. Sisemi slaidi ndiyo iliyoua, chanzo ni lile povu na tundu kwenye bawa, na kulikuwa na maamuzi mengine mengi tu. Ila waliokuwa wanaamua walikaa mbele ya ukweli ulioandikwa na haukuwafikia. Nikikumbuka slaidi yangu ya 29 naona ni ugonjwa uleule, tofauti ni ukubwa wa madhara.

#4

Mkuu umeongea vizuri lakini mbona semina zote tulizopitia wanasema maneno ni asilimia 7 tu, sauti 38, na mwili 55? Yaani jinsi unavyosimama na kurusha mikono ndio muhimu kuliko unachosema. Wewe unakazania maneno.

#5 Mleta uzi

Asante kwa kuileta hii mkuu maana imepotosha watu wengi sana na nilikuwa natafuta pa kuisemea.

Hizo namba zinatokana na tafiti za mwanasaikolojia Albert Mehrabian za mwaka 1967. Alichofanya ni kuchukua neno mojamoja, linatamkwa kwa sauti za aina tofauti, au linasikika huku mtu anaonyeshwa picha ya sura, halafu msikilizaji anaulizwa huyu anayesema anampenda au hampendi anayeambiwa. Basi. Ni kuhusu hisia pale neno na sura vinapogombana, mfano mtu anakwambia "sawa" huku kanuna, utaamini mnuno. Hapo ni kweli. Lakini Mehrabian mwenyewe ameshaeleza kwamba hesabu yake haihusu mazungumzo mengine nje ya hisia na mitazamo. Na hata bila yeye, fikiria kidogo tu, kama maneno ni asilimia 7 basi ungeangalia hotuba ya lugha usiyoijua ukaelewa karibu yote. Haiwezekani.

Sauti na mwili vina kazi yake na nitakuja huko, ila usiruhusu semina ikwambie kwamba unachosema hakina uzito. Aliyekwenda mbele bila neno hata akirusha mikono vipi watu watatoka wanasema jamaa anajiamini, ukiwauliza alisema nini wanatazamana.

Sasa namna ya kulipata hilo neno. Kabla sijafungua kompyuta nachukua karatasi naandika sentensi moja inayomaliza hii: "Baada ya kunisikiliza, fulani atafanya au ataamini ___." Huyo fulani lazima awe mtu halisi, usiandike "hadhira" hapo. Meneja wa fedha. Mwalimu mkuu. Wazazi wa darasa la kwanza. Nikishindwa kumaliza hiyo sentensi najua kwamba sijawa tayari, sitengenezi slaidi hata moja, narudi kwenye data. Halafu najiuliza huyu mtu anaogopa nini kwenye hili ninalotaka, ni hela? ni lawama? ni kazi kuongezeka? Kile anachoogopa ndicho atakachokuuliza, kwa hiyo jibu lake liwe ndani ya maelezo yako tayari, usisubiri ulizwe. Yule mwenyekiti wangu alikuwa anaogopa kitu kimoja tu, mashine kusimama. Kama ningefungua mdomo nikasema "mashine zinasimama kwa sababu ya saini moja, tuiondoe," dakika 10 zingetosha na zingebaki.

Ndipo inakuja mpangilio, na hapa nina msimamo mkali kidogo: shuleni tulifundishwa kujenga hoja taratibu jibu lije mwisho, kwenye maandishi ya kitaaluma sawa, lakini mbele ya watu wenye shughuli zao anza na jibu. Muda ukikatwa umeshasema. Usipokatwa una nafasi ya kuthibitisha. Huna unachopoteza.

#6

Na slaidi je? Bosi wangu asipoona maandishi mengi anasema sijafanya kazi.

#7 Mleta uzi

Dada (au kaka, samahani) hilo ni tatizo la kweli na dawa yake ni kutengeneza vitu viwili. Ripoti yenye maelezo yote unaituma kwa barua pepe au unaigawa, na slaidi zinakuwa za kuonyesha tu. Watu wanaunganisha hivyo viwili ndio maana wanapata kitu ambacho kukisoma ni shida na kukionyesha ni shida.

Sababu yake ni hii. Mtu akiona maandishi anasoma, hawezi kujizuia, na anasoma haraka kuliko wewe unavyoongea. Kusoma na kusikiliza maneno vinagombania sehemu moja kichwani, kwa hiyo wakati yeye yuko mstari wa tano wewe uko wa pili, hasikii wala hasomi vizuri. Wataalamu wa elimu kama Richard Mayer wamelifanyia majaribio jambo hili miaka mingi, picha ikielezwa kwa sauti inaeleweka kuliko picha ikielezwa kwa sauti huku maneno yaleyale yameandikwa pembeni. Ndiyo maana mtu anayekugeuzia mgongo anasoma slaidi yake neno kwa neno anachosha hata kama mada ni tamu.

Kitu kimoja ukibadilisha leo utaona tofauti: kichwa cha slaidi kiwe sentensi yenye kitenzi. Watu wanaandika "Mauzo kwa mwezi". Hiyo ni lebo, haijaniambia kitu. Andika "Mauzo yalishuka mwezi tuliobadilisha fomu." Sasa grafu iliyo chini ina kazi, ni ushahidi wa hiyo sentensi, na jicho langu linajua litafute nini. Kwenye hiyo grafu mistari mingine yote ifanye kijivu, ule unaouzungumzia ndio uupe rangi. Na usitegemee nyekundu na kijani kutofautisha vitu, kuna watu hawazitofautishi hizo rangi na hawatakwambia, watakaa kimya tu hawaelewi.

Ukubwa wa maandishi, Guy Kawasaki ana kanuni yake ya slaidi 10, dakika 20, na fonti isiyopungua 30. Hesabu ya slaidi siing'ang'anii, nimeona watu wakitumia 60 ukumbi ukawa macho, ila hiyo ya fonti ishike. Ukilazimika kusema "najua hamuoni vizuri hapa lakini..." basi hiyo slaidi itoe.

PowerPoint yenyewe ilitoka mwaka 1987 tu. Binadamu walikuwa wanashawishiana miaka maelfu kabla ya hapo, Aristotle aliandika kuhusu kushawishi kwa kuaminika kwako, kwa hisia za msikilizaji na kwa hoja, na hakuwa na projekta. Kwa hiyo ukiweza kusema jambo lako bila slaidi, sema bila slaidi.

#8

Mimi shida yangu ni hofu. Kila kitu nakijua, nikisimama mikono inatetemeka, mdomo unakauka. Nimejaribu kujiambia tulia tulia haisaidii.

#9 Mleta uzi

Pole sana ndugu yangu, na nakuelewa kabisa, mimi mpaka leo moyo unanidunda dakika mbili za mwanzo.

Kuna utafiti wa Alison Wood Brooks wa 2014, aliwachukua watu wanaotaka kuhutubia, wengine wakaambiwa wajisemee kwamba wametulia, wengine wajisemee wamechangamka. Hao wa kuchangamka walionekana kushawishi zaidi. Inaingia akilini, moyo unaodunda kuushusha ghafla ni kazi ngumu, lakini hofu na hamu mwilini vinafanana, moyo unadunda kotekote, kwa hiyo ni rahisi kubadilisha jina la kile unachokisikia kuliko kukizima. Jaribu kujisemea kwa sauti, "Nina hamu ya kuwaambia hili." Na hiyo hamu itakuja kweli kama lile neno lako unaliamini.

Lakini dawa kubwa ni mazoezi ya kweli. Kupitisha macho kwenye slaidi ukiwa kitandani hakuhesabiki. Simama. Ongea kwa sauti ile utakayotumia. Jirekodi kwa simu halafu sikiliza, najua inauma kusikia sauti yako mwenyewe, sikiliza hivyohivyo, utagundua unasema "kwa hiyo" kila baada ya sekunde kumi, utagundua ulichodhani ni dakika 10 ni 17. Mimi nafanya mara tatu au nne. Maneno yote siyakariri, maana ukikariri yote ukisahau moja umepotea njia nzima. Nakariri sentensi mbili za kwanza na moja ya mwisho. Zile mbili za kwanza zitatoka hata kama akili imeganda, na zikishatoka mwili unatulia wenyewe.

Mikono kutetemeka: usishike karatasi laini, inatangaza mtetemo wote, shika kadi ngumu au weka mikono juu ya meza kidogo. Maji weka karibu, na kunywa funda moja ni kisingizio kizuri cha kunyamaza sekunde tatu ukajipanga. Kunyamaza kwenyewe usikuogope. Kwako sekunde tatu ni kama mwaka, kwa anayekusikiliza ni nafasi ya kumeza ulichosema. Macho usiyazungushe kama feni, mwangalie mtu mmoja mpaka umalize wazo moja, halafu hamia kwa mwingine upande wa pili.

#10

Juzi nimefika ukumbini slaidi zimekatwa pembeni na maandishi yamegeuka viboksi. Niliaibika.

#11 Mleta uzi

Hayo ni mambo mawili. Kukatwa pembeni au kuwa na mistari myeusi ni umbo la skrini, wewe ulitengeneza 16:9 (umbo pana) projekta ikawa ya 4:3 (karibu mraba), uliza mapema. Viboksi ni fonti uliyotumia haipo kwenye kompyuta ya ukumbini, kwa hiyo kila mara beba na nakala ya PDF, hiyo haibadiliki. Beba adapta yako, usitegemee ya pale. Fika nusu saa kabla, kaa kiti cha nyuma kabisa uangalie slaidi yako mwenyewe kutoka huko. Na wengi hawajui, kwenye PowerPoint ukiwa unaonyesha bonyeza herufi B skrini inakuwa nyeusi, ukiibonyeza tena inarudi. Mtu akiuliza swali zito mimi nazima skrini, watu wote wanahamisha macho kuja kwangu.

Umeme ukikatika au projekta ikigoma usitumie dakika tano kuomba radhi na kuhangaika na waya huku watu wanakuangalia. Sema neno lako. Kama ulifanya ile kazi ya karatasi unalo.

#12

Na ukipewa dakika 3 au 5 tu? Huwa naona bora nisiende.

#13 Mleta uzi

Nenda mkuu. Novemba 19, 1863 kule Gettysburg, Marekani, kwenye uzinduzi wa makaburi ya wanajeshi, mzungumzaji mkuu alikuwa Edward Everett, akaongea saa mbili hivi. Baada yake akasimama Rais Abraham Lincoln akasema maneno kama 270, dakika mbili tatu akakaa. Kesho yake Everett mwenyewe akamwandikia kumpongeza kwamba alilifikia kiini cha siku ile kwa dakika mbili kuliko yeye kwa saa mbili. Dakika 3 ukiongea kwa mwendo wa kawaida zinatosha neno moja, ushahidi mmoja, na ombi moja. Kosa ni kuchukua ya dakika 20 ukaisoma haraka.

Kuhusu maswali nako niseme kidogo. Andika maswali matano unayoyaogopa kabla hujaenda na uyajibu kwa maandishi. Swali likija rudia kwa maneno yako ili wa nyuma wasikie na wewe upate pumzi. Hujui jibu sema hujui na useme lini utalileta, kisha ulilete kweli. Na usimalizie na maswali, maana swali la mwisho likiwa la hovyo ndilo watu watatoka nalo. Pokea maswali, halafu chukua nusu dakika urudie lile neno lako ndipo ukae.

#14 (yule wa difensi)

Mkuu nimefanya ile sentensi. "Utafiti wangu unahusu tathmini ya mambo yanayoathiri mahudhurio ya wagonjwa wa kisukari katika kliniki." Vipi?

#15 Mleta uzi

Hiyo ni jina la mada, bado. Umegundua nini? Jibu kama unamwambia mdogo wako jikoni.

#16

Kwamba waliopigiwa simu siku moja kabla walirudi kliniki, waliotumiwa meseji wengi hawakurudi. Nilidhani umbali ndio shida kumbe hata wa karibu walikuwa hawarudi.

#17 Mleta uzi

Umeona? Hapo hujasema "tathmini" wala "mambo yanayoathiri" na nimekuelewa mara moja. Tena hiyo ya umbali ni tamu, maana hata wanaokusikiliza watakuwa wanadhani ni umbali. Anza nayo.

#18

"Wengi tunadhani wagonjwa wa kisukari hawarudi kliniki kwa sababu ya umbali. Kwa wagonjwa niliowafuatilia umbali haukuwa sababu, aliyepigiwa simu siku moja kabla alirudi, na naomba kueleza kwa nini kliniki ianze kupiga hizo simu."

#19 Mleta uzi

Hiyo ndiyo. Iweke slaidi ya kwanza baada ya jina, yaliyomo yatoe kabisa kama kanuni za chuo zinaruhusu. Ila jiandae, watakuuliza kama waliopigiwa simu walikuwa tofauti na wale wengine tangu mwanzo, umri, muda waliougua, kila kitu, kwa hiyo lile jedwali la kulinganisha makundi liwe slaidi ya akiba mwisho kabisa, usilionyeshe mpaka uulizwe. Kesho isome kwa sauti mbele ya mtu asiye wa fani yako, halafu muulize amesikia nini. Akikurudishia hiyo ya simu, lala. Akikurudishia kitu kingine njoo hapa tuirekebishe, nipo.